Volti, Ampea, Omu na Wati: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Hesabu za ukurasa huu zimetumia volti 230, kiwango cha Tanzania. Ukiwa Kenya au Uganda weka 240, ukiwa Kongo weka 220. Njia ya kukokotoa ni ileile.

Nimepima volti na ampea. Ukinzani na nguvu navipataje?

Gawanya upate ukinzani, zidisha upate nguvu.

R = V ÷ I (V ni volti, I ni ampea; jibu ni omu, Ω)
P = V × I (jibu ni wati, W)

Chukua pasi ya kawaida. Mita imesoma 226 V kwenye soketi huku pasi ikiwaka, na waya wake unapitisha 4.2 A. 226 ÷ 4.2 ni 53.8, basi ukinzani wa koili yake ni karibu omu 54. 226 × 4.2 ni 949, basi nguvu yake ni wati 949. Kibandiko cha pasi hiyo huenda kinasema 1000 W, na hakijadanganya. Tutalifikia hilo.

Angalia hapo niliposema "huku pasi ikiwaka". Volti na ampea lazima ziwe za kitu kilekile, kwa wakati uleule. Mtu anapima volti saa nne asubuhi, ampea anazipima saa mbili usiku mtaa mzima umewasha majiko, halafu analalamika kwamba kanuni haifanyi kazi. Pia volti ziwe zile za kati ya ncha mbili za kile unachokipigia hesabu. Makosa mengi ninayoyaona kwenye madaftari ya wanafunzi na kwenye karatasi za mafundi wanaoanza yanatoka hapo: volti za kitu kimoja zimegawanywa kwa ampea za kingine.

Jibu langu limepishana mara elfu na la kitabuni. Nimekosea wapi?

Karibu kila mara ni milliampea. Badili kwanza: 30 mA ni 0.03 A. Betri ya 9 V ikipitisha 30 mA, ukinzani ni 9 ÷ 0.03 = 300 Ω, na nguvu ni 9 × 0.03 = 0.27 W. Ukiwa mvivu wa kubadili, volti gawanya kwa milliampea inakupa kilo-omu moja kwa moja, na volti zidisha kwa milliampea inakupa milliwati. Ilimradi uandike kipimo sahihi mbele ya jibu.

Lile duara lenye fomula 12, lazima nilikariri lote?

Hapana. Kariri zile mbili za mwanzo wa ukurasa huu, R = V ÷ I na P = V × I, nyingine zinazaliwa kutoka kwao. Mbili kati ya hizo watoto ndizo utakazozitumia sana:

P = I² × R
P = V² ÷ R

Ya kwanza itumie kwa waya, viungio na plagi, yaani mahali ambapo unajua ampea zinazopita. Ya pili ni ya vifaa vya joto vilivyochomekwa moja kwa moja kwenye soketi, ambako volti unazijua. Ukizichanganya utapata jibu lenye sura nzuri lakini si la kweli. Kuna anayechukua volti 230 za soketi na ukinzani wa waya wa ekstensheni, akaviweka kwenye V² ÷ R, akapata maelfu kwa maelfu ya wati. Waya wenyewe haushiki volti 230. Umeshika volti mbili tatu tu, zilizobaki ziko kwenye jiko.

Nani aligundua haya?

Georg Simon Ohm, mwalimu wa shule huko Cologne, Ujerumani, alichapisha kanuni yake mwaka 1827. Betri za zama zake zilikuwa zikichoka katikati ya jaribio, kwa hiyo alitumia viungio vya metali mbili, ncha moja ikiwa ya moto na nyingine ya baridi, ili apate umeme usioyumba. Nyumbani hawakumshangilia sana. Mwaka 1841 Royal Society ya London ilimpa Medali ya Copley. Uhusiano wa joto na mraba wa mkondo (yaani ampea), ile I² × R, ni kazi ya James Prescott Joule, mtoto wa mtengeneza bia karibu na Manchester, katika miaka ya 1840.

Ampea nazipimaje bila kuunguza mita?

Hapa ndipo mita nyingi zinapofia. Volti unazipima kwa kugusisha ncha mbili za mita pande mbili za kifaa, sambamba. Ampea haziko hivyo: mkondo wote lazima upite ndani ya mita, kwa hiyo unakata njia na kuiweka mita katikati, mfululizo. Ukiwa kwenye mkao wa ampea, mita ina ukinzani mdogo sana. Ukiichomeka namna hiyo kwenye soketi unakuwa umeunganisha waya wa moto na nyutro kwa kipande cha shaba, yaani umepiga shoti. Kwenye mita nyingi za bei rahisi tundu la 10 A halina hata fyuzi, na limeandikwa hivyo palepale penye tundu. Hatari kubwa zaidi ni kusahau: jana ulipima ampea, leo umegeuza kitasa kwenye volti, lakini waya mwekundu bado uko tundu la 10 A.

Kwa umeme wa nyumbani tumia klampu mita, ile yenye taya. Haikati waya, inakumbatia tu. Ila ikumbatie waya mmoja, wa moto peke yake au nyutro peke yake. Ukikumbatia kebo nzima ya pasi utasoma sifuri, kwa sababu mkondo unaokwenda na unaorudi vinafutana. Mafundi hutengeneza ekstensheni fupi ya kupimia, gamba la nje limechunwa na nyaya za ndani zimetenganishwa huku kila mmoja ukibaki na gamba lake. Jambo moja zaidi: klampu nyingi za bei ya chini zinapima umeme wa AC tu. Kwa betri na sola unahitaji inayosoma DC.

Jagi langu la umeme limeandikwa "220–240 V, 1850–2200 W". Nishike namba ipi?

Hakuna ya kushika, na swali hili nalipenda kuliko yote ya ukurasa huu. Jaribu kukokotoa ukinzani kwa kila upande:

220² ÷ 1850 = 26.2 Ω
240² ÷ 2200 = 26.2 Ω

Umeona? Mtengenezaji hakukuuzia wati. Amekuuzia koili ya omu 26.2, basi. Wati zinategemea volti unazoipa koili hiyo. Kwa volti 230 jagi hilo linatoa wati 2020 hivi na kuvuta ampea 8.8. Ndiyo maana ile pasi ya mwanzo ilipima 949 badala ya 1000: soketi ilikuwa na volti 226, na koili yake ina ukinzani mkubwa kidogo kuliko hesabu ya kibandiko (230² ÷ 1000 ni 52.9). Viwanda huruhusu tofauti ndogo kama hiyo.

Kwa hiyo ukisoma kibandiko chochote cha kifaa cha joto, wati zisome pamoja na volti zilizoandikwa kando yake. Wati zikiwa peke yake hazijakwambia kitu.

Umeme ukiwa mdogo, si nalipa kidogo?

Kwa kila dakika, ndiyo. Kwa kazi uliyotaka ifanyike, hapana.

Tuseme volti zimeshuka hadi 180. Jagi lile la omu 26.2 sasa linatoa 180² ÷ 26.2, karibu wati 1240. Volti zimepungua kwa asilimia 22, lakini nguvu imepungua kwa asilimia 39, kwa sababu ya ule mraba. Watu wengi hawautegemei.

Lita moja na nusu ya maji kutoka nyuzi 25 hadi 100 inahitaji kilojuli 471 hivi. (Hiyo ni hesabu ya pwani. Nairobi maji huchemka kabla ya kufika 100, kwa hiyo utaokoa kidogo.) Kwa wati 2020 ni chini kidogo ya dakika nne. Kwa wati 1240 ni dakika sita na zaidi. Nishati ni ileile, yapata uniti 0.13, na kwa kweli inazidi kidogo kwa sababu jagi limekaa muda mrefu zaidi likipoteza joto pembeni.

Hayo ni ya vifaa vya joto. Friji na pampu ni mambo mengine. Umeme ukiwa mdogo mota inashindwa kuanza, inabaki inanguruma huku ikivuta mkondo mkubwa wa kuanzia, na nyaya zake zinaungua. Ukiona taa zimefifia, chomoa friji kwanza, chai baadaye.

Ndugu yangu ametuletea sufuria ya umeme ya kupikia wali kutoka Marekani. Plagi nimebadilisha. Naweza kuichomeka?

Usiichomeke. Huko volti ni 120. Sufuria ya wati 500 kwa volti 120 ina ukinzani wa 120² ÷ 500 = 28.8 Ω. Ukiipa 230 inakuwa 230² ÷ 28.8, zaidi ya wati 1830, karibu mara tatu na theluthi mbili ya ilichotengenezewa. Koili itaungua, na ikichelewa kuungua ndiyo mbaya zaidi. Kubadili plagi hakubadili volti. Inahitaji transfoma ya kushusha yenye uwezo wa zaidi ya VA 500 (volti mara ampea), na ukipiga bei ya transfoma hiyo pengine ununue sufuria nyingine.

Chaja za simu na laptopu angalia kibandiko. Zikiwa zimeandikwa 100–240 V hazina shida. Mizigo ya Dubai na Oman kwa kawaida inaingia bila tatizo, volti zinalingana na zetu na plagi ni zilezile za miguu mitatu ya bapa. Anayesafiri na jagi letu kwenda Marekani naye atakuta linatoa wati 550 tu, atangoja chai mpaka achoke.

Nimepima balbu ya wati 60 kwa mita, nikapata omu 65. Hesabu inasema 882. Mita ni mbovu?

Mita ni nzima. Hii ni balbu ya zamani ya waya wa tungsteni. Waya huo ukiwa baridi una ukinzani mdogo, ukiwaka unafika zaidi ya nyuzi 2000 na ukinzani wake unapanda zaidi ya mara kumi. Omu 882 ni za balbu inayowaka, na 65 ni za balbu iliyozimwa. Sekunde ile ya kwanza unapobonyeza swichi, balbu inajaribu kuvuta ampea tatu na ushee badala ya 0.26. Ndiyo maana balbu hizo hupenda kukatika wakati wa kuwasha.

Mita ya omu inasukuma umeme kidogo wa betri yake, kwa hiyo daima inakuonyesha kitu kikiwa baridi. Kwa pasi na jagi tofauti ni ndogo, kwani koili zake ni za nikromu, ambayo ukinzani wake haubadiliki sana kwa joto. Taa za LED usizipime kwa omu kabisa. Ndani zina saketi ya kielektroniki, na namba utakayoiona haina maana yoyote. LED, dayodi na vitu vya namna hiyo havifuati kanuni ya Ohm.

Pasi haipati moto. Omu zinaweza kunionyesha ubovu?

Ndiyo, na bila umeme wowote. Ichomoe kwenye ukuta, zungusha kitasa cha joto hadi juu, weka mita kwenye omu, gusisha miguu miwili ya plagi, wa moto na nyutro. Ukisoma omu 50 na kitu, koili na waya ni vizima, kaangalie soketi. Ukisoma OL, au 1 iliyokaa upande wa kushoto, njia imekatika: waya karibu na plagi, fyuzi ya plagi, fyuzi ya joto ya ndani, au koili yenyewe. Anza na fyuzi ya plagi, maana ndiyo rahisi. Kisha pima kati ya mguu wa ethi na miguu mingine. Hapo unataka njia iwe imekatika kabisa. Ukipata omu yoyote ya kusomeka, umeme unavuja kwenye bati la pasi, na pasi hiyo isirudi mezani.

Friji yangu inavuta 1.1 A. 230 × 1.1 ni 253, lakini kibandiko kinasema 150 W. Nani mkweli?

Wote. Kwenye mota, volti na ampea hazipandi na kushuka kwa pamoja, mkondo unachelewa. V × I inakupa VA, si wati. Wati halisi unazipata kwa kuzidisha tena na namba iliyo chini ya moja, ambayo mafundi huiita pawa fakta. Ikiwa ni 0.6, 253 × 0.6 ni wati 152. Mita ya umeme ya nyumbani inakutoza kwa wati halisi, kwa hiyo usiogope. Ukinunua inveta au stabilaiza, hapo tazama VA.

Usijaribu pia kupata ampea za mota kwa kupima omu za nyaya zake na kugawanya. Utapata namba kubwa kupindukia. Kwenye AC koili ya mota inapinga mkondo kwa njia nyingine pia, ambayo mita ya omu haiioni.

Nimefunga hita ya kuogea ya wati 5500. Breka ya 20 A inajikata kila mara. Niweke ya 32?

Breka peke yake, hapana! 5500 ÷ 230 ni ampea 23.9, kwa hiyo breka ya 20 inafanya kazi yake. Kabla ya kuiondoa uliza waya uliopita ukutani ni wa ngapi. Ukinzani wa nyaya za shaba kwa kila mita 1000, zikiwa na nyuzi 20 za joto, ni huu: wa 1.5 mm² ni 12.1 Ω, wa 2.5 ni 7.41, wa 4 ni 4.61, wa 6 ni 3.08.

Tuseme bafu liko mita 15 kutoka kwenye breka. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo hesabu mita 30. Waya wa 2.5: 30 × 7.41 ÷ 1000 = 0.222 Ω. Joto linalobaki ndani ya waya ni I² × R, yaani 23.9 × 23.9 × 0.222, karibu wati 127 zinazopika bomba lako la ukutani. Waya wa 6: 0.092 Ω, wati 53, na volti zinazopotea ni 2 na kidogo badala ya 5.3. Weka waya wa 6 kwanza, breka ya 32 baadaye. Breka kazi yake ni kuulinda waya. Ukiweka kubwa kwenye waya mwembamba, umebakiwa na waya usio na mlinzi.

Kazi hii mpe fundi mwenye leseni, ya EWURA kwa Tanzania au ya EPRA kwa Kenya, na ethi iwepo. Maji na umeme kwenye chumba kimoja hakutaki kubahatisha.

Plagi inapata moto lakini breka haijikati. Kwa nini?

Kwa sababu ampea hazijazidi. Kiungio kimelegea, au kimeshika kutu, na sasa kina ukinzani wake, tuseme nusu omu. Jagi linapitisha 8.8 A. 8.8 × 8.8 × 0.5 ni wati 39, sawa na pasi ya kulehemu ya fundi redio, imewashwa ndani ya plastiki ya soketi yako. Jagi limepoteza volti 4 tu na linaendelea kuchemsha, hakuna anayeshtuka. Fyuzi ya 13 A nayo inaona 8.8, inatulia. Ukisikia harufu ya plastiki au ukiona pamegeuka kahawia, badilisha soketi na plagi vyote viwili, maana mguu ulioungua utaiharibu soketi mpya.

Fyuzi ya 13 A, kwa taarifa, ni wati 2990 kwa volti 230. Jagi na pasi kwenye ekstensheni moja tayari ni ampea 13. Jiko halina nafasi hapo.

Sola ya volti 12: taa za chumba cha mbali zinafifia, betri imejaa. Shida nini?

Karibu hakika ni waya mwembamba. Tuseme taa na televisheni kwa pamoja ni wati 60. Kwa volti 12 hizo ni ampea 5. Kebo ya 1.5 mm² ya urefu wa mita 10, kwenda na kurudi, ina 0.242 Ω. Volti zinazopotea njiani: 5 × 0.242 = 1.2. Moja ya kumi ya umeme wako imeishia kwenye waya.

Wati 60 hizohizo kwa volti 230 ni ampea 0.26, na kinachopotea kwenye kebo ileile ni volti 0.06. Hesabu hii ndiyo inayofanya umeme wa Bwawa la Julius Nyerere usafirishwe hadi Chalinze kwa volti 400,000, na ule wa upepo wa Turkana ushuke kutoka Loiyangalani hadi Suswa kwa volti hizohizo. Nyumbani kwako tiba ni waya mnene, au betri kusogezwa karibu na watumiaji, au mfumo wa volti 24.

Nataka kuweka LED kwenye bodaboda. Rezista ya ngapi?

LED nyeupe hushika volti 3 hivi, na 20 mA zinaitosha. Rezista inabaki na volti 12 − 3 = 9. Gawanya 9, si 12: 9 ÷ 0.02 = 450 Ω. Dukani, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, utapewa ya 470, yenye mistari ya manjano, zambarau na kahawia. Nguvu yake ni kama wati 0.17, ya robo wati inavumilia.

Lakini pikipiki ikiwa inatembea, chaji inapandisha volti hadi 14.4. Rezista sasa ina volti 11.4, mkondo ni 24 mA na joto ni wati 0.28, zaidi ya robo. Kwa hiyo mimi ningeweka ya 680 Ω: 17 mA, wati 0.19, na kwa macho hutaona tofauti ya mwanga.

Balbu ya wati 60 na ya wati 100 zikifungwa mfululizo, ipi inang'aa zaidi?

Ya 60. Watunga mitihani wanalipenda swali hili na kila mwaka linamnasa mtu. Ya 60 ina omu 882, ya 100 ina 529. Mkondo ni mmoja kwa zote mbili, 230 ÷ 1411 = 0.163 A, na I² × R inampendelea mwenye omu nyingi: wati 23 dhidi ya 14. Zikifungwa sambamba, kila moja na volti zake 230, ya 100 inashinda.

Sina mita ya kupimia. Nitajuaje jiko langu linakula wati ngapi?

Una mita tayari, ile ya LUKU au tokeni. Ina kitaa kidogo chekundu kinachopepesa, na kando yake pameandikwa kitu kama "1600 imp/kWh", maana yake kikipepesa mara 1600 uniti moja imekwisha. Zima kila kitu nyumbani, friji pia, washa jiko peke yake, hesabu mapepeso ya dakika moja.

Wati = mapepeso ya dakika × 60,000 ÷ namba ya imp/kWh

Kikipepesa mara 24: 24 × 60,000 ÷ 1600 = wati 900. Ampea ni 900 ÷ 230 = 3.9, na ukinzani ni omu 59 hivi. Hujagusa waya wowote. Hesabu dakika tatu ugawanye kwa tatu, jibu litatulia zaidi. Likiwashwa saa mbili, wati 900 zinakula uniti 1.8. Zidisha na bei ya uniti ya tarifa yako.

Kama mwili una ukinzani mkubwa, kwa nini umeme unaua?

Kwa sababu hauna mkubwa kiasi hicho. Ngozi kavu inaweza kuwa na maelfu mengi ya omu, ikilowa jasho au maji inashuka hadi kama 1000. 230 ÷ 1000 ni 0.23 A, yaani 230 mA. Kifaa cha RCD kimewekwa kukata umeme unapovuja 30 mA, kwa sababu zaidi ya hapo moyo uko hatarini. Volti 12 kwa ngozi hiyohiyo ni 12 mA, ndiyo maana betri ya gari haikurushi. Lakini spana ikidondoka ikagusa nguzo zote mbili za betri, ukinzani ni karibu na sifuri, mamia ya ampea yanapita, na spana inaanza kuyeyuka. Vua pete na saa ya chuma kabla ya kushika betri.

Pawabenki ya mAh 20,000 ni wati ngapi?

Haina wati, ina nishati: 20 Ah × 3.7 V = Wh 74 (wati-saa). Tumia 3.7, volti za betri ya ndani, usitumie 5 za tundu la USB. Mashirika ya ndege huruhusu hadi Wh 100 kwenye mzigo wa mkononi bila kuomba ruhusa, kwa hiyo ya 20,000 inapita, na ya 30,000, ambayo ni Wh 111, uwaulize kabla ya kufika uwanjani.